Raki, Shelfu au Chaga? Majibu kwa Wenye Maghala wa Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka, tangu Agosti hadi mvua za Novemba zinapoanza, barua za wenye maghala hujaa mezani kwangu, kwa sababu huo ndio wakati mahindi yaliyovunwa yanatafuta pa kulala huku mbolea na mbegu za msimu mpya zikianza kushushwa. Mwaka huu nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ninunue raki gani? Nimechagua barua sita na nimezifupisha bila kugusa hoja zake. Nilitunza maghala mjini Mbeya kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo msomaji atanivumilia pale nitakapokuwa mkali kidogo.

Shikamoo mzee. Nina duka la pembejeo Uyole na nimekodi ghala lenye upana wa mita 12 na urefu wa mita 18, lenye kuta za kimo cha mita 5. Katika msimu huhifadhi hadi tani 60 za mbolea, hasa urea, pamoja na mbegu, viuatilifu na mabomba ya kupulizia dawa. Muuzaji mmoja ananishawishi nifunge raki za paleti za ngazi nne ghala zima, akisema nafasi yangu itakuwa mara nne. Sina foklifti, ila nafikiria kununua iliyotumika. Je, nimsikilize?
*Mwenye duka la pembejeo, Uyole, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Usimlipe bado. Muuzaji ameanza na raki yake, na hilo ni haki yake kwa kuwa ndiyo anayoiuza. Wewe anza na mzigo wako, kisha mkono utakaouinua, kisha sakafu itakayoubeba, na raki iwe ya mwisho kuzungumzwa.

Tuhesabu mbolea kwanza. Mita moja ya ujazo ya urea ina uzito wa takribani kilo 750, kwa hiyo tani zako 60, ambazo ni mifuko 1,200 ya kilo 50, zinahitaji takribani mita za ujazo 80. Ukiipanga mifuko hiyo juu ya chaga, yaani majukwaa mafupi ya mbao yanayotandikwa sakafuni, hadi kimo cha mita moja na nusu, kimo ambacho kijana wa kawaida anakifikia bila kuurusha mfuko juu ya kichwa chake, itachukua mita za mraba 53, na ukiongeza mapengo ya hapa na pale tuseme 65. Ghala lako lina mita za mraba 216. Maana yake ni kwamba mbolea yako yote ya msimu inaenea katika sehemu isiyofika theluthi moja ya sakafu, bila kufunga raki hata moja.

Sasa tazama raki hizo zitakula nini. Foklifti ya kawaida inayobeba paleti (jukwaa ambalo mzigo hupangwa juu yake ili mashine iuinue) ya mita 1 kwa mita 1.2 huhitaji njia yenye upana wa mita 3.5 hadi 4 ili igeuke na kuingiza paleti mahali pake. Weka safu moja ya raki kwenye kila ukuta wa upande, na katikati weka safu mbili zilizopeana mgongo: raki zitachukua takribani mita 4.6 za upana wa ghala, na njia mbili zitachukua mita 7.2. Asilimia 60 ya sakafu unayoilipia kodi itakuwa barabara ya foklifti, na kati ya raki na ukuta hautapita hata ufagio. Kuhusu hizo ngazi nne, mzigo wenye kimo cha mita 1, ukijumlisha paleti yenyewe, unene wa boriti na nafasi ya kuuinulia, unadai karibu mita 1.35 kwa kila ngazi. Ngazi nne ni mita 5.4, nawe umeniambia kuta zako ni mita 5. Kwa safu zilizo ukutani, ngazi ya nne ya muuzaji imo ndani ya mabati.

Tuje kwenye sakafu, ambayo nahisi hakukuuliza. Chukua raki ya kawaida yenye boriti za mita 2.7, inayobeba paleti mbili za tani moja moja kwa kila ngazi, huku paleti za chini kabisa zikikaa sakafuni na ngazi mbili zikiwa juu yake. Kila chumba cha raki, yaani nafasi iliyo kati ya fremu mbili, kinaning'iniza tani 4. Fremu iliyo katikati ya vyumba viwili hubeba nusu ya kila upande, yaani tani 4 zilezile, na fremu ina miguu miwili. Kila mguu, basi, unakandamiza sakafu kwa tani 2, uzito unaokaribia pikapu nzima, kupitia bamba la chuma lisilozidi kiganja cha mkono wako. Maghala mengi ya kukodi yalimwagwa zege jembamba juu ya udongo ulioshindiliwa kwa haraka, kwa sababu mwenye nyumba alifikiria magunia, ambayo huutandaza uzito wake. Muulize mwenye ghala unene wa zege. Akisita, omba ruhusa ya kutoboa tundu dogo pembeni ulipime mwenyewe. Zege jembamba halishindwi na uzito peke yake, kwani hata bolti za kuufunga mguu wa raki hazipati pa kung'ata.

Ushauri wangu, kwa hiyo, ni huu: mbolea ibaki kwenye chaga, na fedha uliyotenga kwa raki za paleti uigawe upate shelfu imara za chuma kwa ajili ya bidhaa ndogo ndogo, ambazo ndizo zinazokupotezea muda. Chaga ziwe za mbao zilizokauka, zenye kuuinua mfuko sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na rundo likae mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita ubavu. Nalisema hili kwa uchungu. Katika ghala moja nililowahi kulitunza tuliegemeza urea kwenye ukuta uliokuwa ukipata mvua kwa nje, na ilipofika Februari mifuko ya nyuma ilikuwa migumu kama matofali. Tuliipiga kwa mpini wa jembe mbele ya wateja, na hakuna aliyeitaka hata kwa nusu bei. Ukiwa na mbolea ya CAN pia, itenge mbali na urea, kwa kuwa punje za mbolea hizo mbili zikichanganyika hunyonya unyevu wa hewani hadi zikawa uji. CAN isikae karibu na dizeli, mafuta au maranda ya mbao, kwa sababu ina nitreti inayochochea moto.

Kwenye shelfu za viuatilifu, vimiminika viwe chini na vya unga viwe juu, ili chupa ikivuja isiharibu vilivyo chini yake. Mbegu zitafutie shelfu yake upande mwingine kabisa wa ghala, kwani mvuke wa viuagugu unaweza kuharibu uotaji, na mkulima aliyepanda mbegu isiyoota hatakuja kukuuliza ulivyopanga shelfu, atahamia duka la jirani. Bidhaa nzito na zinazotoka kila siku zikae kati ya goti na bega. Nyepesi ndizo zipande juu.

Mwisho, muuzaji akikuambia "shelfu hii inabeba kilo 500", muulize mambo mawili kabla hujafungua pochi: ni kilo 500 kwa rafu moja au kwa shelfu nzima, na je, ni mzigo uliotandazwa sawasawa? Uzito uleule ukiurundika katikati ya boriti huikunja kwa nguvu mara mbili kuliko ukiutandaza kutoka mwanzo hadi mwisho. Katoni sita za chupa zilizosogezwa katikati kwa sababu ya uvivu zinaweza kufanya kazi ya katoni kumi na mbili.

Mzee, ninahifadhi mahindi ya wafanyabiashara kwa malipo hapa Makambako. Magunia yamenizidi. Je, nikifunga raki nitaongeza nafasi?
*Mwenye ghala, Makambako*

Kwa mahindi ya magunia yanayokaa miezi mingi, jibu langu ni hapana. Rundo lililopangwa vizuri juu ya chaga, magunia yakipishana kama matofali na tabaka za juu zikirudi ndani kidogo kidogo, hutumia nafasi vizuri kuliko raki, kwa sababu halihitaji njia ya mashine kila baada ya safu mbili. Kisha kuna jambo la kufukiza. Mtaalamu mwenye kibali anapofukiza dhidi ya dumuzi na fukusi, hulifunika rundo lote kwa turubai na kuziba kingo zake sakafuni kwa mifuko mirefu ya mchanga. Jaribu kuifunika raki yenye nguzo na boriti zilizochongoka uone turubai litakavyochanika, na gesi itakavyokimbia kabla haijaua kitu.

Acha nafasi ya mita moja kuzunguka kila rundo, na mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5, ambao ndio ukomo wa kiwango cha Afrika Mashariki, usiyapokee kwa kumwonea mtu haya. Magunia ya plastiki huteleza kuliko ya katani, kwa hiyo marundo yake yawe mafupi. Lumbesa nayo, mbali na kukatazwa, hailali sawa, na rundo likianza kupinda gunia la aina hiyo ndilo la kwanza kudondoka. Kama mahindi yamekuzidi kweli, tafuta ghala la pili.

Nimeonyeshwa raki za paleti zilizotumika, zilizotolewa katika ghala lililofungwa. Bei yake ni chini ya nusu ya mpya na zimepakwa rangi upya. Nina foklifti na sakafu yangu ni zege la sentimita 20. Nitajuaje kama ni nzima?
*Msambazaji wa bidhaa za viwandani, Mbalizi*

Ndugu yangu, wewe umeanza pazuri, kwa maana mashine unayo na sakafu unaijua. Raki zilizotumika si dhambi. Nimefanya kazi na za namna hiyo muda mrefu kuliko na mpya. Kinachonisumbua katika barua yako ni hiyo rangi. Rangi mpya juu ya chuma cha zamani ama ni usafi ama ni kificho, na ukiwa mnunuzi chukulia kwamba ni kificho hadi uthibitishe vinginevyo. Nenda na kisu kidogo, kwangua mguu wa kila nguzo sentimita 30 za chini, mahali maji ya kudekia hutuama na meno ya foklifti hugonga. Kutu iliyomega chuma hadi kikawa na makovu haiponi kwa rangi.

Baada ya hapo chukua rula ya chuma yenye urefu wa mita 1 iliyonyooka kabisa, uiegemeze kwenye nguzo na kutazama pengo katikati. Kiwango cha Ulaya kinachohusu matumizi ya raki, EN 15635, kinatoa vipimo ambavyo fundi yeyote anaweza kuvitumia: nguzo iliyopinda kuelekea upande zinakokwenda boriti isizidi milimita 5 katika mita hiyo moja, iliyopinda kwenda mbele au nyuma, katika upande wa kina cha raki, isizidi milimita 3, na vyuma vya mshazari vinavyounganisha nguzo mbili za fremu visizidi milimita 10. Milimita 3 ni kitu kidogo mno kwa jicho, ndiyo maana nakutuma na rula. Nguzo iliyozidi hapo ikatae, na usikubali ahadi ya kuinyoosha. Chuma cha raki ni bati lililokunjwa baridi, na nguvu yake imo katika mikunjo ile. Ukilipasha moto na kuligonga nyundo, litanyooka kwa macho tu. Nguzo yenye alama ya kuchomelewa nayo iache palepale ilipo.

Angalia pia kama boriti na nguzo ni za mtengenezaji mmoja. Ndoano za boriti za watengenezaji tofauti hufanana kama mapacha, na nyingine huingia kwa kugongwa kidogo, lakini zikishaingia hazikai ipasavyo, na boriti inaweza kuchomoka foklifti inapoinua paleti na kuigusa kwa chini. Kwa sababu hiyohiyo kila ncha ya boriti iwe na pini yake ya usalama. Hizi ndizo hupotea kwanza raki zinapofunguliwa, na nimeona msumari ukitumika badala ya pini. Hesabu pini kabla ya kuhesabu fedha.

Sasa nikueleze kosa ambalo hata wenye raki mpya hulifanya, nalo huja baada ya miezi kadhaa. Unapata mzigo mrefu, tuseme mapipa yaliyopangwa mawili mawili, hauingii chini ya boriti ya kwanza. Kijana anachomoa pini, anaipandisha boriti ile nusu mita au mita nzima, mzigo unaingia, na jioni anasifiwa kwa ubunifu. Asichojua ni kwamba boriti ile ilikuwa inaishika nguzo isipinde, sawa na mtu aliyeushika ufito mrefu katikati. Nguzo nyembamba, ukiuongezea mara mbili urefu usioshikwa, nguvu yake ya kustahimili mgandamizo inaweza kushuka hadi robo. Mzigo wa juu haujabadilika hata kilo moja, ila raki imekuwa nyingine. Kila boriti inapohamishwa, uwezo wa raki uhesabiwe upya na mtu mwenye majedwali ya mtengenezaji, na ukiwa umenunua kitu kisicho na majedwali, tafuta mhandisi akuandikie. Kibao cha uzito kinachobandikwa mwisho wa safu kinahusu mpangilio ule ule uliopimwa, na mwingine wowote hakiuhusu.

Wakati wa kufunga, kila mguu ufungwe kwa bolti kwenye zege, nguzo zipimwe kwa timazi na boriti kwa pima maji, na safu zilizopeana mgongo ziunganishwe. Kimo cha raki hadi boriti ya juu kabisa kikizidi mara sita ya kina chake, usiifunge bila hesabu ya mhandisi. Usidharau hili kwa kudhani ardhi yetu imetulia: tumekaa ndani ya Bonde la Ufa, tetemeko la Desemba 1910 kule Rukwa linahesabiwa miongoni mwa makubwa kuwahi kupimwa Afrika, na yale ya Karonga ya Desemba 2009 yalitokea ng'ambo tu ya mpaka wa Kyela. Mizigo mizito iwe chini, na nyuma ya raki zinazopakana na njia ya watu weka wavu wa chuma.

Boriti ikishapakiwa, isipinde katikati kupita sehemu moja ya mia mbili ya urefu wake. Kwa boriti ya mita 2.7 hiyo ni milimita 13.5. Funga uzi kutoka ncha hadi ncha upime. Ukishusha mzigo boriti ikabaki imepinda, iondoe siku hiyohiyo.

Ninauza mbao Mafinga, nyingi za msonobari na nyingine za mlingoti, za futi 12. Kwa sasa nimezisimamisha ukutani na wateja wanalalamika zinapinda. Fundi wangu anataka kunitengenezea raki zenye mikono. Nimwambie nini?
*Mama wa mbao, Mafinga*

Mama, mwambie aanze kazi, kwa kuwa raki ya mikono, ile yenye nguzo nyuma na mikono inayochomoza mbele bila nguzo ya kuzuia, ndiyo inayofaa mbao, mabomba na nondo. Raki ya paleti ingekulazimisha kuchomeka mbao kwa ncha kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.

Mkono mmoja usiachwe mbali sana na mwenzake. Kwa mbao za futi 12, ambazo ni kama mita 3.6, weka mikono mitatu kwa kila ngazi, iliyopishana mita 1.2, na kila ncha ya mbao ichomoze sentimita 60. Mikono miwili haitoshi kwa mbao mbichi, kwani katikati itashuka na ikikauka hivyo itabaki hivyo. Fundi azingatie kwamba mzigo ulio kwenye ncha ya mkono huukunja kwa nguvu mara mbili ya ule ulio katikati yake, hivyo mkono wa sentimita 80 kwa mbao zilizopangwa hadi ukingoni si sawa na ule wa sentimita 40. Vikonyo vya kuzuia mbao zisiteleze viwepo kwenye ncha, na mguu wa chini utokeze mbele angalau kama mikono, tena ufungwe sakafuni, la sivyo raki nzima itamwinamia mteja.

Kuna jambo la uzito. Mbao ya msonobari iliyotoka kupasuliwa inaweza kuwa na uzito wa karibu mara mbili ya ile iliyokauka, kwa sababu ya maji. Raki ikipimwa kwa mbao kavu na kisha ikapokea lori la mbichi, imebeba mara mbili bila mtu kujua. Kwa hiyo mbao mbichi zisipande raki kabisa: zipangwe chini juu ya vitalu vilivyosawazishwa, zikitenganishwa na vijiti vyenye unene mmoja vilivyopangika wima kimoja juu ya kingine, kivuli kikiwa juu na upepo ukipita pembeni. Vijiti visipopangika, mbao hupinda pale ambapo kijiti kimekosekana chini yake. Zikishakauka ndipo zipande raki, za mlingoti zikikaa ngazi za chini kwa kuwa ni nzito zaidi.

Kamwene, mzee. Tuna kikundi cha wakulima wa viazi mviringo Njombe. Tujenge shelfu za mbao za ngazi tano ndani ya chumba cha kuhifadhia?
*Katibu wa kikundi, Njombe*

Kamwene. Kama ni viazi vya mbegu, ndiyo, shelfu za fito zenye mapengo zinafaa, viazi vikitandazwa tabaka mbili au tatu na mwanga hafifu ukiingia, kwani mwanga huo huvifanya vichipue vichipukizi vifupi vyenye nguvu. Kama ni viazi vya kula, mwanga ndio adui, kwa kuwa hugeuka kijani na kuwa vichungu na vyenye sumu. Hivyo vitieni kwenye kreti za plastiki zenye matundu, zinazobebana zenyewe, katika chumba chenye giza na hewa baridi. Kreti zikishapandana hamhitaji shelfu.

Fundi wa kuchomelea amenitengenezea shelfu za engo (chuma cha pembe) na mbao kwa ajili ya duka la vifaa vya ujenzi Iringa mjini. Baada ya mwezi zimeanza kuyumba ukizisukuma, ingawa hazijapinda. Je, niongeze unene wa engo?
*Mwenye duka, Iringa*

Hapana, ndugu yangu, usiongeze unene. Shelfu inayoyumba bila kupinda kwa kawaida haina upungufu wa chuma, ina upungufu wa mshazari. Pembe nne ziwe nene kiasi gani, zitalala upande mmoja kama fremu ya dirisha isiyo na kioo, kwa sababu viungo vyote vinajigeuza pamoja. Mwite fundi aweke vyuma viwili bapa vya flatiba vilivyopishana kama herufi X mgongoni mwa kila shelfu, na kimoja cha mshazari kila ubavuni, kisha ajaribu kuisukuma mwenyewe mbele yako. Gharama yake ni ndogo kuliko engo moja nene.

Wakati amefika, akague pia mahali rafu zinapokaa. Ikiwa mbao zimelala juu ya ncha ya engo kwa sentimita moja tu, ni suala la muda kabla ya mtu kuvuta boksi la misumari na ubao kuja nalo. Ubao uingie ndani ya engo angalau sentimita 3 na ufungwe kwa skrubu. Boksi za misumari na debe za rangi zishuke rafu za chini. Nimeona maduka mengi yakiziweka juu ili zionekane na wateja, na kila mara nikiingia husimama mbali na shelfu. Halafu funga kichwa cha kila shelfu ukutani kwa bolti mbili, ila si kwenye ukuta wa tofali za udongo zisizochomwa, kwa kuwa zitang'oka na vumbi lake. Ikiwa ukuta wako ni wa tofali hizo, unganisha vichwa vya shelfu zinazotazamana kwa bomba la mraba linalovuka juu ya njia, kwa kimo ambacho mtu mrefu hatagonga kichwa.

Umeuliza pia, chini ya barua, kama sheria inakuhusu ukiwa na vijana wawili tu dukani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na vijana wako wawili ni wafanyakazi kama wa kiwandani. Nenda ofisi ya OSHA, wakala wa serikali unaosimamia sheria hiyo, iliyo karibu nawe uulize utaratibu wa kulisajili duka, na uwaeleze kwamba shelfu zimetengenezwa na fundi wa mtaani, maana mkaguzi atataka kujua kila rafu inabeba kilo ngapi. Kabla hajafika, pakia rafu moja mifuko ya saruji ambayo uzito wake unaujua, uiongeze mfuko mmoja mmoja huku umefunga uzi kutoka ncha hadi ncha, na mtu yeyote asikae mbele yake wala chini yake. Ubao ukishuka sehemu moja ya mia mbili ya urefu wake, simama hapo, gawa uzito ule kwa mbili, na hiyo nusu ndiyo uiandike kwa rangi kwenye ukingo wa rafu.